Kuala Lumpur, Mji Upimao Bei ya Mafuta Yetu

Mtu atokaye Mji wa Kale wa Mombasa akafika Shimanzi, karibu na bandari ya Kilindini, huona matangi makubwa ya mafuta, mabohari na njia za reli. Wengi hudhani kwamba mafuta yote yaingiayo bandarini ni ya magari na taa. Sivyo. Huingia pia mafuta ya mawese, ambayo husafishwa katika viwanda vya humu nchini, yakatiwa katika madebe na chupa, kisha yakapelekwa madukani. Sehemu kubwa ya mafuta hayo yatoka Malaysia na Indonesia, ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi. Wafanya biashara wanaponunua, hutazama kwanza bei iliyotoka katika soko la Kuala Lumpur, mji mkuu wa Malaysia. Basi yafaa wasomaji wetu waujue mji huo.

Jina lake ni la Kimalay, na maana yake ni makutano ya mito yenye matope. Mito yenyewe ni Klang na Gombak. Katika mwaka wa 1857 mtawala mmoja wa Kimalay, Raja Abdullah, aliwatuma Wachina 87 wapande mto Klang wakatafute madini ya bati. Yasimuliwa kwamba kabla ya mwezi kwisha walikuwa wamebaki 18 tu. Wengine wote walikufa kwa malaria. Hata hivyo bati lilipatikana, na watu wengine wakaletwa mahali pa wale waliokufa. Mkubwa wa Wachina tangu mwaka wa 1868 alikuwa Yap Ah Loy, na yeye ndiye aliyeujenga mji upya kila ulipoharibika. Nao uliharibika mara nyingi. Mwaka wa 1881 moto uliteketeza nyumba za mbao na makuti, na mwaka huo huo mafuriko yakazoa zilizosalia. Hapo serikali ikaamuru watu wajenge kwa matofali na vigae. Reli ya kwenda Klang ilifunguliwa mwaka wa 1886. Miaka kumi baadaye, mwaka ule ule reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa, Kuala Lumpur ulifanywa makao makuu ya majimbo manne ya Kimalay yaliyokuwa chini ya Waingereza.

Mahali pale mito ikutanapo pamejengwa msikiti wa Masjid Jamek, uliofunguliwa mwaka wa 1909. Karibu nao ni uwanja ambapo bendera ya Uingereza ilishushwa usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti, 1957, nchi ilipopata uhuru. Mgeni wa leo hutazama juu zaidi. Minara pacha ya Petronas ina ghorofa 88 na urefu wa meta 452, na tangu mwaka wa 1998 mpaka 2004 haikuwako nyumba duniani iliyoipita. Lakini kwa maoni yetu kazi ya ajabu zaidi haionekani juu ya ardhi. Ni handaki lenye urefu wa karibu kilometa 10, lililofunguliwa mwaka wa 2007 ili kupitisha maji ya mafuriko chini ya mji. Sehemu yake moja ni barabara ya magari. Mvua kubwa ikija, magari huondolewa, milango ikafungwa, na maji yakaachiwa njia.

Wakazi wa mji wapata milioni mbili, nao ni Wamalay, Wachina, Wahindi na wengineo. Kukaa pamoja hakukuwa rahisi siku zote. Tarehe 13 Mei, 1969, baada ya uchaguzi, Wamalay na Wachina walipigana, na hesabu ya serikali ilitaja watu 196 waliokufa. Nchi ina mfalme, lakini ufalme wake si kama tuujuavyo: watawala tisa wa majimbo humchagua mmoja wao, naye hukaa miaka mitano, kisha zamu yapita kwa mwingine. Ofisi nyingi za serikali zilihamia mji mpya wa Putrajaya tangu mwaka wa 1999, ila Bunge na kasri la mfalme zimebaki Kuala Lumpur.

Mswahili akifika huko hatakuwa mgeni kabisa wa maneno. Kwao "Apa khabar?" ndiyo "Habari gani?" Dunia ni dunia, na bendera ni bendera. Hilo la mwisho ni la Wareno, walioteka Malaka mwaka wa 1511, na kuanza kuijenga Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka wa 1593. Meza yetu kwao ni meja. Ila ajihadhari na neno gereja, ambalo kwao ni kanisa. Kwetu neno hilo hilo la Kireno limekuwa gereza!

Tena wako watu wa Kenya waliotangulia kufika. Askari wa Keya, kikosi cha tatu, walipigana katika misitu ya Malaya katika miaka ya 1952 na 1953.

Turudi kwenye mafuta. Mchikichi ni mti wa Afrika. Wako wasemao kwamba mbegu za Malaysia zilichukuliwa Kigoma, lakini habari zilizoandikwa zasema vingine: miche minne ilipandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, mwaka wa 1848, na kutoka huko uzao wake ukaenea. Shamba la kwanza la biashara katika Malaya lilipandwa mwaka wa 1917 katika jimbo la Selangor, ambalo limeuzunguka mji wa Kuala Lumpur. Leo Malaysia na Indonesia hutoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese yote ya dunia, na sisi wenye mti twayanunua.

Katika soko la Kuala Lumpur watu hupatana leo bei ya mafuta yatakayotolewa miezi ijayo. Mwaka wa 2022 vita vya Ukraine vilizuia mafuta ya alizeti, kisha Indonesia ikakataza mawese yake yasitoke tangu tarehe 28 Aprili mpaka 23 Mei. Mwaka huo bei ilipita ringgit 7,000 kwa tani moja, na Mombasa chupa ya mafuta ya kupikia ikapanda bei wiki kwa wiki. Soko hilo hufunguliwa saa nne u nusu asubuhi kwa saa za huko. Wakati huo Mombasa ni saa kumi na moja u nusu alfajiri, na wauza mahamri wamekwisha teleka karai.