Nilipunguza vyombo nyumbani ili nipate kusafiri uzeeni

Siku nilipouza kabati la vyombo, mwanangu wa pili alinipigia simu kutoka Nairobi. Hata salamu hakuimaliza. "Mama, daktari amekwambia nini ambacho hutaki kutwambia?"

Nilimwelewa. Kwetu Pwani, mzee akianza kutoa vitu vyake, watu huona anaaga. Lakini mimi sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na miaka 61, nimestaafu ualimu, na nilitaka kusafiri kabla magoti hayajakataa.

Sasa nina miaka 64 na nimeshasafiri mara tatu. Kila nikirudi, wenzangu wa rika langu huniuliza swali moja: pesa umezitoa wapi? Jibu ni refu kidogo, ndiyo maana nimeona niliandike.

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Mombasa, ya ghorofa moja, aliyoniachia marehemu mume wangu. Watoto walipooa na kuolewa, ghorofa ya juu ilibaki na vitu tu. Masinia 14, seti tatu za vikombe ambazo hazijawahi kunywewa chai, mazulia yaliyokunjwa, friji mbovu, na masanduku ya nguo za harusi zilizopita. Chumba kimoja kilikuwa hakifunguki vizuri kwa vilivyojaa ndani. Na kila nikialikwa mahali, nilijibu: nani atalinda nyumba? Ukweli ni kwamba sikuwa nalinda nyumba, nilikuwa nalinda vyombo.

Wengi hudhani nilipata pesa kwa kuuza vitu. Sivyo. Vitu vyote nilivyouza vilinipa Sh63,000, na sehemu kubwa ilikwenda kwa fundi wa rangi na fundi wa bomba. Faida ilikuwa ni ile nafasi. Ghorofa ya juu ilipokuwa tupu, niliipangisha kwa Sh18,000 kwa mwezi. Pensheni hunilisha na kulipa umeme na maji. Kodi ya juu siigusi, hiyo ni ya safari.

Vijana wana jina la Kizungu la maisha haya ya vitu vichache, lakini jambo lenyewe si geni kwetu. Mume wangu alipokwenda Hija, siku zake za ihramu aliishi na shuka mbili nyeupe, na aliporudi alisema hakuwahi kujiona mwepesi vile. Neno lile nilikuja kulikumbuka baada ya miaka mingi.

Kazi ya kupunguza ilinichukua miezi minne. Nilivigawa vitu mafungu matatu. Fungu la kwanza ni ninavyotumia kila wiki. Hivyo vilibaki, na havikujaza hata nusu ya jikoni. Fungu la pili ni vya shughuli: masinia, masufuria makubwa, majamvi. Hivyo niliwapa kikundi cha kina mama mtaani. Leo masinia yangu yanatoka kila harusi na kila hitima, na mimi nikiwa na shughuli nakwenda kuazima kama wengine. Fungu la tatu ni vya kumbukumbu, na hapo ndipo nilipokosea.

Kwa haraka zangu nilimpa mnunuzi wa vyuma na vitu vikuukuu mbuzi ya kukunia nazi ya marehemu mama yangu. Ilikuwa imevunjika mguu mmoja. Wiki ya pili niliitafuta hadi Kongowea, nisiipate. Mpaka leo huniuma. Kwa hiyo nakushauri: kitu chenye kumbukumbu usikitoe mwezi ule ule. Kiweke kando miezi sita. Kama bado kinakuita, kibaki.

Watoto nao ni sehemu ya kazi hii. Niliwaita wote wanne siku moja, nikawaonyesha orodha, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mmoja alichagua anachotaka, na dhahabu yangu kidogo nikaigawa kwa usawa mbele yao. Binti yangu mkubwa alilia. Alisema nyumba sasa haifanani na nyumbani. Sikumbishia. Lakini nimeona familia ngapi zikikosana juu ya vyombo matanga yakiwa hayajaisha? Afadhali wanikasirikie mimi nikiwa hai kuliko kukasirikiana wao nikiwa kaburini.

Wengine waliuliza, mwanamke mzima atatembea na nani? Nilifuatana na kaka yangu, mstaafu wa bandarini. Gharama nyingi tukazigawana.

Safari ya kwanza tulikwenda kwa basi kupitia Lunga Lunga na Horohoro, tukalala Tanga, kisha Dar es Salaam, hadi Kilwa Masoko, tukavuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani. Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto kwamba Ibn Battuta alipita Mombasa akaenda Kilwa mwaka 1331, bila mimi mwenyewe kuiona. Niliposimama ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa, chini ya yale makuba ya mawe, nililia kama binti yangu. Siku 12 zilinigharimu Sh41,000. Safari ya pili ilikuwa Unguja. Ya tatu Muscat, ambako katika soko la Mutrah tulibishana bei kwa Kiswahili na mzee ambaye wazazi wake waliondoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964.

Begi langu ni moja, kilo saba, linaingia nami ndani ya ndege. Lina madera matatu, buibui moja la ziada, viatu vya kufunga na leso jozi mbili. Leso ni shuka, ni taulo, ni mto, ni mtandio, na usiku mmoja inakauka. Mafuta na sabuni za maji ziwe kwenye chupa zisizozidi mililita 100, la sivyo utaziacha uwanjani.

Dawa za presha hazitoki mkononi mwangu. Nabeba za siku zote pamoja na za wiki moja ya ziada, katika pakiti zake, na barua ya daktari. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita, na masharti ya viza uyaulize ubalozini kabla hujalipa tiketi. Tena, ukiingia Tanzania kutoka Kenya utaulizwa cheti cha homa ya manjano. Chanjo hiyo sasa huchomwa mara moja kwa maisha, lakini ikiwa umepita miaka 60 na hujawahi kuchanjwa, muone daktari kwanza, kwani madhara yake ni rahisi kumpata mzee kuliko kijana.

Jambo moja la kuonya. Kuna wanaosikia habari hizi wakataka kuuza nyumba. Usiuze. Punguza vilivyomo ndani, lakini paa libaki na hati ya nyumba ibaki kwa jina lako. Msafiri mzee anahitaji mahali pa kurudi zaidi ya kijana, kwa sababu siku ya kuchoka iko karibu naye.

Mwanangu wa Nairobi alikuja Idi iliyopita na watoto wake. Pale lilipokuwa kabati tulitandika magodoro, na wajukuu sita wakalala kwa safu. Asubuhi aliniuliza safari ijayo ni ya wapi, na kama begi langu lina nafasi ya kumletea kahawa. Nikamwambia kahawa itaingia. Kabati lingine la vyombo, halitaingia.