Mmea wa sebuleni na mtoto anayetambaa

Ilikuwa saa moja jioni mama mmoja alipoingia chumba cha dharura akiwa amembeba mtoto wa miezi 11. Mtoto alilia kwa sauti ya kukwaruza, midomo imevimba, udenda unamtiririka mpaka fulana imelowa. Mama alifungua pindo la khanga akanionyesha kitu alichokifunga humo: jani lenye umbo la moyo, la kijani lenye mabaka ya njano, limetafunwa upande mmoja.

Nililitambua jani lile hata kabla hajaniambia lilikotoka. Nyumbani kwangu upo mmea kama huo juu ya kabati la televisheni, na mwanangu wa mwisho, ambaye sasa yuko darasa la tatu, alijifunza kutambaa chini yake. Sikuwahi kuwaza lolote.

Njiani mama yule alikuwa amepata ushauri wa kila aina. Jirani mmoja alimtia mtoto kidole kooni ili atapike. Mwingine alileta yai bichi, na wa tatu akaleta mafuta ya kula. Wote walikuwa na nia njema. Lakini kumtapisha mtoto ambaye koo limeshaanza kuvimba ni kumwongezea maumivu, na pia kuna hatari ya matapishi kuingia kwenye mapafu. Jambo la maana zaidi lililofanyika siku ile alilifanya mama mwenyewe: alikuja na jani. Liliniondolea kazi ya kubahatisha.

Tulipomaliza kumsafisha mtoto kinywa na kumpa maziwa baridi kwa kijiko, mama aliniuliza kwa sauti ya chini, "Dokta, niutupe? Nilipewa na marehemu mama yangu. Alikikata kipande kwake Tanga."

Nilimjibu, "Usiutupe, mama. Upandishe."

Makala ya leo ni maelezo ya jibu hilo, maana pale kwenye chumba cha dharura hapakuwa na muda.

Mmea wenyewe na sindano zake

Wauza maua wengi wa kando ya barabara huuita mani planti, na wengine husema pothosi. Jina lake la kitaalamu ni Epipremnum aureum. Asili yake ni kisiwa cha Mo'orea katika Polynesia ya Ufaransa, huko Bahari ya Pasifiki, na leo umeenea katika nchi za joto kote duniani kwa sababu haudai mengi. Kipande chenye kifundo kimoja ukikitia kwenye chupa ya maji kitatoa mizizi.

Ndani ya majani, shina na mizizi yake kuna fuwele za kalisiamu oksaleti. Nyingi ni nyembamba na zina ncha kama sindano, zimepangwa pamoja kama njiti kwenye kiberiti. Jani likitafunwa, sindano hizo hutoka na kuchoma ulimi, fizi, ndani ya mashavu na koo. Maumivu huanza palepale au baada ya dakika chache, na uvimbe unaweza kuendelea kuongezeka kwa muda baadaye.

Wanaopika magimbi wanalijua jambo hili bila kusomea udaktari. Gimbi bichi linawasha mikono wakati wa kumenya, na lisipoiva vizuri linawasha koo. Gimbi na mani planti ni wa ukoo mmoja na wanachoma kwa silaha ileile. Katika ukoo huo wamo pia filodendroni, monstera, singoniamu yenye majani ya waridi, na difenbachia yenye majani makubwa ya madoa, ambayo huchoma vibaya zaidi. Kwa hiyo ukiutoa mani planti ukanunua singoniamu kwa sababu rangi yake imekuvutia, hujabadilisha kitu kwa upande wa mtoto. Na tafadhali, mtu asielewe kwamba mani planti ukichemshwa kama gimbi unaliwa. Si chakula.

Habari njema ni kwamba mtoto mara nyingi huuma kidogo tu na kuacha, kwa kuwa maumivu yanamzuia. Wazazi waliosoma kuhusu oksaleti huniuliza kama figo zitaharibika. Fuwele za mmea huu haziyeyuki kirahisi, na kwa kawaida madhara yake hubaki pale zilipogusa. Ninachokihofia mimi ni njia ya hewa.

Akishautafuna ufanye nini

Toa vipande unavyoviona mdomoni kwa kitambaa safi kilicholowa, ulichokizungusha kwenye kidole. Usichokonoe usichokiona. Mtoto mkubwa asukutue na kutema. Mdogo mfute ulimi na mashavu kwa ndani. Kisha mpe maji baridi, maziwa au mtindi, kidogo kidogo, ikiwa anameza bila shida. Ubaridi unatuliza. Anayenyonya mpe ziwa.

Hapa nisisitize jambo moja: maziwa si dawa ya sumu zote, kama wengi wanavyoamini. Nayataja kwa mmea huu kwa sababu yanasafisha na kupoza kinywa. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa hahitaji maziwa wala kutapishwa, anahitaji kufikishwa hospitali.

Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 mpaka 20, kisha nenda hospitali ikiwa jicho bado linauma au limekuwa jekundu. Ukigusa ngozi, maji na sabuni vinatosha, na asijifikiche macho kabla ya kunawa.

Usisubiri nyumbani ukiona sauti imebadilika au inakwaruza, ulimi umevimba, mtoto ameshindwa kumeza hata mate yake, anakoroma akiwa macho, au mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi. Njiani mshike akiwa amekaa wima mapajani mwako. Mtoto anayepumua kwa shida usimlaze chali. Usimpe kitu chochote cha kunywa, na jani lije pamoja naye.

Nakazania jani kwa sababu mimea ya mapambo haifanani. Kuna mtambazi mwingine mzuri sana, Gloriosa, mwenye maua mekundu na njano kama ndimi za moto, anayejishikiza kwa ncha za majani yake. Huota wenyewe huku kwetu Afrika Mashariki, na watu huupanda kwa ajili ya maua. Mizizi yake, inayoweza kudhaniwa kuwa viazi, ina sumu inayoitwa kolkisini, na sumu hiyo inaua. Dalili zake huchelewa kwa saa kadhaa, ndipo huanza kutapika na kuharisha. Aliyekula huo akisubiri kuona kama hali itatulia anapoteza muda wa thamani. Oleanda nayo, ile ya kwenye ua wa nyumba nyingi, hupiga moyo. Ndiyo maana swali la kwanza la daktari ni: amekula mmea gani?

Kuupandisha

Nilipomwambia yule mama aupandishe nilikuwa na maana mbili. Ya kwanza ni kuutoa mtoto asikofikia, na hapo watu hukosea kwa kutazama chungu na kusahau matawi. Chungu kipo juu ya kabati, lakini tawi limeshuka mpaka usawa wa kochi. Mtoto akilivuta, jani linaingia mdomoni na chungu cha udongo kinashuka kichwani. Katika hayo mawili mimi naogopa zaidi chungu.

Maana ya pili ni kuuacha mmea ufanye unachotaka kufanya. Porini mani planti haushuki, unapanda miti kwa mizizi midogo inayotoka kwenye vifundo. Chukua mti ulionyooka, uzungushie makumbi ya nazi, yafunge kwa kamba, kisha uusimike katikati ya chungu kizito na kipana chini. Fungia matawi hapo na uwe unayalowesha makumbi. Mmea ukishajishikiza majani mapya huwa makubwa kuliko yale ya kuning'inia, na hakuna tawi la mtoto kuvuta. Majani ya chini, mpaka usawa wa kifua cha mtoto wako akisimama, yakate. Kama bado anatambaa na kutia kila kitu mdomoni, chungu kiwe kwenye chumba kinachofungwa au kibarazani nyuma ya wavu mpaka atakapokuwa mtu wa kuelewa neno "usiguse". Wengine hulielewa wakiwa na miaka mitatu, na wengine, wazazi wenzangu mnajua, hata wakiwa na sita bado.

Rangi inategemea mwanga. Sehemu za njano au nyeupe za jani hazina rangi ya kijani inayotengeneza chakula cha mmea, kwa hiyo ukiuweka kwenye kona ya giza majani mapya hutoka na kijani zaidi na mabaka hupungua. Ukiuweka kwenye jua kali la mchana majani huungua. Karibu na dirisha lenye mwanga, bila jua la moja kwa moja, panafaa. Aina zenye weupe mwingi hukua polepole, msizilaumu.

Maji, ukungu na mbu

Mimea hii hufa kwa maji mengi kuliko kwa kiu. Ingiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, subiri. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha yamwage. Chungu kiwe na matundu.

Udongo unaokaa umelowa huota ukungu, na chembe za ukungu zinaweza kuwasumbua wenye pumu. Ukiona utando mweupe juu ya udongo na mtoto wako ana pumu inayoamka usiku, toa chungu chumbani kwake kwanza, ndipo tuzungumze kuhusu kuongeza dawa.

Lakini kinachonikera zaidi ni kisahani cha chini ya chungu na zile chupa nzuri za kioo zenye vipande vya mani planti kwenye maji. Mbu anayeeneza homa ya dengue, Aedes aegypti, anapenda maji kidogo yaliyotuama ndani na karibu na nyumba. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka inaweza kuchukua siku saba hadi kumi hivi. Huuma mchana, wakati hakuna aliye ndani ya chandarua. Dar es Salaam tulipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, na tuliokuwa wodini tunaikumbuka.

Kumwaga maji peke yake hakutoshi, maana mayai yake hushikilia ukingo wa chombo na huweza kuishi miezi katika ukavu. Kila wiki mwaga maji, sugua chupa na kisahani kwa ndani kwa brashi na sabuni, ndipo utie maji mapya. Au jaza mchanga kwenye kisahani. Mimi kipande kikishatoa mizizi nakihamishia kwenye udongo na chupa inarudi kabatini.

Wadudu wadogo weupe kama pamba wakijikusanya kwenye maungio ya majani, wafute kwa pamba yenye spiriti, au futa majani kwa maji yenye matone machache ya sabuni ya maji. Hakuna haja ya kuleta dawa ya shambani sebuleni. Nawaomba sana msipimiwe dawa hiyo kwenye chupa ya soda. Nimewahi kumhudumia mtoto aliyekunywa kutoka kwenye chupa ya namna hiyo, na yeye hakurudi nyumbani usiku uleule.

Je, unasafisha hewa?

Wauzaji husema hivyo. Maneno hayo yalianza na utafiti wa NASA wa mwaka 1989, uliofanywa ndani ya vyumba vidogo vilivyofungwa kabisa. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Marekani, Bryan Cummings na Michael Waring, walipiga hesabu upya na kuona kwamba ungehitaji mimea kati ya 10 na 1,000 katika kila mita moja ya mraba ya sakafu ili kulingana na hewa inayopita yenyewe ndani ya jengo. Usingepata pa kukaa. Fungua dirisha, na jiko la mkaa liwe nje.

Wapo pia wanaoamini kwamba mmea chumbani usiku humaliza hewa ya watu. Unavuta oksijeni, ndiyo, lakini kidogo sana ukilinganisha na mtu mmoja aliyelala. Mume wako anavuta nyingi zaidi, na hakuna anayeshauri alale sebuleni.

Kuupenda kwa uzuri wake tu ni sababu tosha ya kuwa nao. Wagonjwa wenye kinga dhaifu, kama walio kwenye dawa za saratani, waachie mtu mwingine kazi ya udongo na maji ya chupa.

Yule mtoto tulimwangalia mpaka saa nne usiku. Uvimbe haukuongezeka, sauti ikarudi, akanyonya na kusinzia. Wiki mbili baadaye mama yake alinitumia picha kwenye simu: mmea wa bibi umesimama kibarazani, umefungwa vizuri kwenye mti wenye makumbi, na mtoto yuko ndani nyuma ya wavu akiuchungulia. Nilifurahi. Kisha nikaikuza picha, nikaona kisahani cha chini kimejaa maji mpaka ukingoni, nikampigia.