Si kila maumivu ya ugoko ni buti la beki

MCHUKULIE winga wa miaka 17 wa timu ya mtaani, Kibondo au Kasulu, anayeota kuvaa jezi ya Mashujaa kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika. Ugoko unamuuma mwezi wa nne sasa. Kuna beki keshabebeshwa lawama, kijana keshachuliwa kwa maji moto, keshakaa benchi mechi sita, na bado. Ajabu ni kwamba mchana anakimbia. Shughuli inaanza usiku: maumivu yanamwamsha. Akimeza aspirini, ndani ya nusu saa kimya.

Hapo kocha na wazazi washtuke. Mfupa uliopata ufa kwa kukimbia sana huuma ukitumika, hutulia ukipumzika. Maumivu ya usiku yanayotii aspirini huashiria osteoidi osteoma, uvimbe mdogo wa mfupa usio saratani, ambao Dk Henry Jaffe wa New York aliueleza kama ugonjwa wa peke yake mwaka 1935. Ni nadra, lakini unapenda umri wa wanasoka: vijana wa miaka 10 hadi 25, wa kiume zaidi, na hasa mfupa wa paja na ugoko.

Kazi ni kuuona. Kiini chake kwa kawaida hakifiki sentimita 2. Mfupa unaokizunguka hunenepa, na kwenye eksirei weupe wa unene huo hukificha. Ni rahisi kudhani ni ufa unaopona au maambukizi ya mfupa. MRI nayo huweza kuonyesha majimaji mengi hadi familia ikahofia kansa. Kinachomaliza ubishi ni CT Scan ya vipande vyembamba: tundu dogo jeusi, wakati mwingine na nukta nyeupe katikati, kama mpira kwenye duara la kati.

Kwa kijana wa huko maana yake ni safari: eksirei hospitali ya wilaya, kisha rufaa Maweni mjini Kigoma, Bugando Mwanza, au hata MOI Dar es Salaam. Si pesa ndogo kwa familia inayoishi kwa maharage na mihogo. Basi daktari aambiwe mapema: maumivu huja saa ngapi, na dawa gani huyazima. Bila hayo mawili anaweza kuandika 'apumzike' tu.

Kiini kikionekana, hukatwa kwa upasuaji, au huunguzwa kwa sindano ya joto inayoongozwa na CT Scan, njia iliyoanza Boston, Marekani, miaka ya 1990. Kuna unaopotea wenyewe, ila huchukua miaka, na vidonge vya kila usiku vinaumiza tumbo na figo. Winga wa miaka 17 hana misimu hiyo ya kusubiri.