Yangambi: kwa nini miti imepandwa kwa mistari?

Mgeni anayetoka Kisangani, kilomita karibu 100 kwa kufuata Mto Kongo, akifika Yangambi anashangaa: miti mingine iko kwa mistari, kama mihogo shambani. Ile si pori. Ilipandwa na INEAC, taasisi ya Wabelgiji iliyoundwa mwaka 1933. Leo kazi iko kwa INERA. Mti ukijulikana tarehe ya kupandwa, watafiti wanapima unene wake na kujua umekua kiasi gani.

Ndiyo maana kukata mmoja wa kuchoma makala si kupoteza kivuli tu. Mwingine utapandwa kesho, lakini miaka ya vipimo hairudi. Ukienda kutembea pale na watoto, pumzikeni chini ya miti. Panga iache nyumbani.