Msimu wa Mchekeshaji katika Bonde la Ufa

Mchekeshaji wa jukwaani anayeishi Nakuru, Kenya, ana misimu miwili ya kuvuna kila mwaka. Ule wa Desemba una pesa nyingi lakini huisha upesi. Wa katikati ya mwaka huanza polepole mwezi Juni, hupamba moto Agosti shule zikishafungwa, kisha hupoa Septemba. Huko Ulaya miezi hiyo ni ya jua na maonyesho ya uwanjani. Katika Bonde la Ufa la kati ni miezi ya baridi. Molo, mji ulio kwenye mwinuko wa kama mita 2,500, hadhira huja na makoti mazito na kofia za sufu, na mikono haitoki mifukoni kupiga makofi. Mgeni wa jukwaa hilo anaweza kudhani amekataliwa. Waliozoea husikiliza kicheko tu.

Kazi hii ina historia fupi. Vitimbi na Vioja Mahakamani, vipindi vya shirika la utangazaji la taifa, viliwazoesha Wakenya kucheka mbele ya televisheni, lakini vilikuwa michezo ya kuigiza yenye wahusika wengi. Mtu mmoja kusimama peke yake na kipaza sauti na kuzungumza na umati kwa jina lake mwenyewe ni jambo lililoenea baadaye. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la Redykyulass, la Walter Mong'are, John Kiarie na Tony Njuguna, lilimwiga hadharani Rais Daniel arap Moi akiwa bado madarakani. Kwa watu wa Nakuru huo haukuwa mzaha wa mbali: Kabarak, nyumbani kwa Moi, ni mwendo mfupi kutoka mjini. Kisha Daniel Ndambuki, anayejulikana zaidi kama Churchill, akaanzisha kipindi kilichorushwa na NTV na baadaye kikatoka Nairobi kwenda kurekodiwa katika miji mingine. Hakuna kilichowafungulia mlango vijana wa nje ya Nairobi kama kipindi hicho. Mtu aliyepata dakika tano tu mbele ya kamera alirudi kwao akiwa na jina, na jina ndilo linaloandikwa kwenye bango.

Nakuru imekaa pazuri kwa kazi ya namna hii. Tangu Desemba 1, 2021 ni jiji, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, na ni njia panda ya barabara kuu za magharibi. Naivasha iko umbali wa kama kilomita 70, Kericho kama 105, Eldoret kama 155. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, mwendo wa nusu saa hivi. Kwa hiyo wikendi moja ya Agosti inaweza kubeba shughuli tatu au nne: Ijumaa usiku katika hoteli mjini, Jumamosi mchana harusi huko Bahati au Subukia, Jumamosi usiku Naivasha, Jumapili mkutano wa chama cha akiba. Wasio na gari hupanda matatu, na kwa kipande cha mwisho, boda boda. Kinachowatisha ni kurudi usiku. Barabara ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret hupita Salgaa na Sachang'wan, ambapo mnamo Januari 31, 2009 lori la mafuta lililopinduka liliwaka moto na kuua zaidi ya watu 100. Mchekeshaji mwenye busara huuliza mapema kama mwandalizi atamlipia chumba, na chumba hicho kina uzito zaidi kuliko shilingi elfu mbili za ziada.

Wanaomtazama kwenye simu hudhani kwamba riziki yake hutoka kwenye jukwaa lenye taa. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa hutoka kwenye hema. Agosti ni mwezi wa harusi na wa sherehe za posa na mahari, ruracio kwa Wakikuyu na koito kwa Wakalenjin, na kila shughuli inataka mshereheshaji wa kushika kipaza sauti kuanzia saa nne asubuhi hadi jioni. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana. Ukumbi una kuta, na kuta hurudisha kicheko, kikawaka na kuwaambukiza wengine. Hema halina kuta. Kicheko cha meza za mbele hutoroka pembeni na kuishia kwenye shamba la mahindi, wa nyuma wasijue kwamba kuna aliyecheka. Jenereta linanguruma nyuma ya jikoni, watoto wanakimbizana mbele ya spika, na pilau ikianza kupakuliwa nusu ya wageni hugeuka kutazama foleni. Mshereheshaji aliyeiva hapigani na pilau. Huhamisha mzaha uende kule kule kwenye foleni, akamtaja mjomba aliyerudi na sahani ya pili, na hadhira yote humrudia kwa pamoja. Kisha huita wazee watoe hotuba wakati watu wameshiba na wametulia. Mpangilio huo haumo kwenye ratiba ya familia; ni wake, na ndio anaolipwa kwa ajili yake.

Mzaha nao husafiri, na hubadilika njiani. Chukua mfano wa mzaha wa chai. Mgeni anafika nyumbani kwa watu, anaomba nusu kikombe, na mama mwenye nyumba anasikia kikombe na nusu. Mjini Nakuru mchekeshaji hana budi kumjenga mama huyo kwanza: birika lake kubwa, chai yenye maziwa mengi, macho yake yanayochunga kikombe kisishuke hata nusu. Ujenzi huo huchukua dakika nzima kabla kicheko hakijaja. Akiufikisha mzaha ule ule Kericho, kwenye mashamba ya chai, dakika hiyo ni hasara, kwa kuwa kila aliyeketi pale amelelewa na mama huyo. Kericho huanza kwenye kikombe cha tatu, mgeni akitafuta namna ya kuaga. Njoro, mbele ya wanafunzi, mama anageuka kuwa mwenye kibanda cha chakula, na anachokijaza si kikombe bali daftari la madeni. Huo ni mzaha mmoja uliokatwa mara tatu, na ukataji huo hufanyika ndani ya matatu, mchekeshaji akiwa ameegemea dirisha na kunong'ona peke yake.

Lugha huongozwa na kanuni hiyo hiyo. Nakuru mjini Kiswahili na Sheng hutosha, kwa kuwa jiji lilikua kando ya reli na kukusanya Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, Wakisii na wengine wengi. Ukitoka nje ya mji, neno moja la lugha ya mama likiwekwa mwishoni linaweza kuzaa kicheko ambacho Kiswahili peke yake kisingekizaa.

Lakini hapo pana shimo, na kila mchekeshaji wa Bonde la Ufa analijua. Mizaha ya makabila ndiyo rahisi kuliko yote nchini Kenya: huyu anapenda pesa, yule anapenda kukimbia, wale wanapenda samaki. Nairobi mizaha hiyo hupita. Lakini Nakuru na Naivasha watu walipigana Januari 2008 baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, katika machafuko ambayo tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote. Katika ukumbi wa Nakuru wamo watu waliolala kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, na wamo waliopoteza ndugu. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008 inakataza maneno ya chuki, lakini kinachowaongoza wachekeshaji wazuri si hofu ya polisi. Huanza kwa kuwacheka watu wao wenyewe, na humgusa jirani pale tu wanapoweza kumtazama usoni. Mzaha wa kabila unaomfanya jirani acheke zaidi kuliko mwenye kuusema una thamani kubwa katika bonde hili, na haupatikani kwa kuiga video za Nairobi.

Ukilinganisha na kwingineko, ugumu wa msimu huu unaonekana vizuri. Edinburgh, huko Uskoti, mwezi Agosti kuna tamasha kubwa la maonyesho lililoanza 1947, na Njambi McGrath, mchekeshaji Mkenya anayeishi Uingereza, ni mmoja wa waliotumbuiza huko. Mchekeshaji wa Edinburgh hukodi chumba kimoja na kutoa onyesho lile lile la saa moja kila siku kwa wiki tatu. Wanaobadilika ni wasikilizaji. Wa Nakuru yuko kinyume chake kabisa. Soko lake si kubwa, na wageni wa harusi ya Jumamosi hii ndio watakaokuwa kwenye harusi ya wiki ijayo. Akirudia, watamalizia sentensi kabla yake. Simu imezidisha tatizo, kwani mzaha uliorekodiwa na mtu wa meza ya nyuma huwa umefika mji jirani wa Gilgil kabla ya mwenyewe. Wachache hupata mwaliko wa kwenda kwa Wakenya wa ng'ambo, hasa Marekani, ambako miezi hiyo ndiyo ya likizo na mikutano ya jamii. Huko mzaha wa chai hupokelewa kwa hamu, kwa kuwa waliouacha nyumbani wameukosa kwa miaka mingi. Visa na nauli ndiyo milima.

Kila mwaka wa tano Agosti huchukuliwa na wanasiasa. Katiba ya 2010 iliweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya mwezi huo, na wagombea huwakodi wachekeshaji kuwachangamsha watu kabla hawajahutubia. Malipo ni mazuri, lakini fulana ya chama haifutiki haraka machoni mwa hadhira. Wapo waliovuka mstari kabisa: John Kiarie wa Redykyulass amekuwa mbunge wa Dagoretti Kusini tangu 2017, na Phelix Odiwuor, maarufu kama Jalang'o, alichaguliwa Lang'ata 2022. Mbali na siasa, Naivasha nayo ilikuwa na neema yake ya Juni. Mbio za magari za Safari Rally ziliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 zilifanyika mwezi huo, na mji ulijaa wageni na burudani za usiku kucha. Tangu 2024 mbio hizo zimehamia Machi, na Juni ikabaki kimya.

Pesa hufika kwa M-Pesa, na desturi iliyo salama ni kudai nusu kabla ya kufunga safari. Nusu ya pili ndiyo yenye shida, kwa sababu kamati ya harusi huvunjika asubuhi baada ya sherehe na mweka hazina huacha kupokea simu. Kumcheleweshea mchekeshaji malipo ni kumdhulumu sawa na kumdhulumu mpishi au mwenye hema, ingawa wengi hawalioni hivyo kwa kuwa kazi yake ilifanana na starehe. Machi 2020, mikusanyiko ilipopigwa marufuku kwa sababu ya korona na kafyu ikaanza tarehe 27, kazi zilikatika ndani ya siku chache, na hakuna aliyekuwa na mkataba wa kumlinda. Wengi wakahamia kwenye video fupi za mtandaoni. Mapato ya video hizo sasa hukatwa kodi ya asilimia 5 kwa mujibu wa Sheria ya Fedha ya 2023, baada ya pendekezo la kwanza la asilimia 15 kupingwa vikali.

Septemba vyuo vikuu vya Egerton na Kabarak hupokea wanafunzi wapya, na jioni za kuwakaribisha hulipa kidogo. Wachekeshaji huzikubali hata hivyo. Wanafunzi hao wametoka kaunti zote na hawajawahi kuisikia mizaha ya Nakuru, kwa hiyo mbele yao ndiko kunakojaribiwa maneno mapya kabla ya mahema ya Desemba.