Matangazo ya Uongo: Sheria Imefika Kiwandani, Haijafika Mnadani

Mkulima wa mahindi wa Butiama akiuziwa mbegu kwa maneno matamu, uongo hautajulikana dukani. Utajulikana shambani, mvua zikiwa zimepita na mkopo unadaiwa. Ndiyo maana, kati ya biashara zote zinazoishi kwa tangazo mkoani Mara, naona ya pembejeo ndiyo inayohitaji ulinzi wa haraka.

Sheria zipo tangu zamani. Ile ya Alama za Bidhaa ilitungwa mwaka 1963, Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, akiwa rais. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ilikwenda mbali zaidi: kifungu cha 15 kinakataza mwenendo wowote wa kibiashara unaopotosha au unaoelekea kupotosha, na cha 16 kinagusa madai ya uongo kuhusu ubora, bei na manufaa ya bidhaa. Tume ya Ushindani (FCC) inaweza kutoza faini inayofikia asilimia 10 ya mauzo ya mwaka, na aliyepata hasara anaweza kuomba fidia.

Kasoro iko kwenye asilimia hiyohiyo. Inamtisha mwenye kiwanda, mwenye vitabu vya hesabu. Anayeuza kwa kipaza sauti, leo mnada wa Bunda, kesho Kiabakari, hana mauzo yaliyoandikwa popote wala ofisi ya kupelekewa barua. Anatangaza unga unaotibu kisukari, presha na vidonda vya tumbo, ingawa tangazo la tiba asili linahitaji kibali cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mgonjwa anayeacha dawa za hospitali kwa kumwamini hapotezi pesa tu.

Naye mlalamikaji wa Musoma? Ofisi ya FCC ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza, zaidi ya kilometa 200. Kwa aliyeuziwa kopo la sumu ya wadudu lisilofanya kazi, nauli ya kwenda na kurudi inaweza kuizidi hasara yenyewe.

Kwenye mbegu kuna nafuu. TOSCI, taasisi inayodhibiti ubora wa mbegu, imeweka lebo yenye namba iliyofichwa. Mnunuzi anaikwangua na kuihakiki kwa simu. Kinga hiyo inamfikia mkulima kabla ya hasara, jambo ambalo faini haiwezi.

FCC, Shirika la Viwango (TBS) na halmashauri zipange ukaguzi kwa ratiba ya minada, si ya ofisi. Nawe mnunuzi, dai risiti na utunze pakiti mpaka uvune: huo ndio ushahidi wako.