Doa la Kahawia si Uchafu: Maji, Magadi na Meno

Ziwa Jipe limelala mpakani mwa Tanzania na Kenya, katika wilaya ya Mwanga, chini ya milima ya Upare ya Kaskazini. Ni ziwa dogo, lisilo na kina kirefu, na sehemu kubwa ya kingo zake imezibwa na magugu. Maji yake hutoka pande mbili. Mto Lumi huyaleta kutoka miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro, mlima wa volkeno ulio bado kijana kwa hesabu za jiolojia. Vijito vya upande wa pili huyaleta kutoka milima ya Upare, ambayo miamba yake ni ya kale mno, iliyogeuzwa kwa joto na mgandamizo mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Maji ya miamba ya volkeno na maji ya miamba ya kale yaweza kufanana machoni na hata ulimini, lakini yasifanane hata kidogo kwa meno ya mtoto anayeyanywa.

Jambo hilo huonekana wazi zaidi shuleni kuliko ziwani. Shule za sekondari za Same na Mwanga hupokea vijana waliokulia Upareni juu, wengine waliokulia tambarare, na wengine kutoka wilaya kama Hai na Arumeru. Siku ya ukaguzi wa usafi wanafunzi husimama mstarini, hukunjua mikono waonyeshe kucha, kisha hufunua midomo. Mwenye meno ya kahawia aghalabu huambiwa arudi akapige mswaki. Naye hurudi, husugua kwa mkaa, kwa mchanga, hata kwa limau, na meno hubaki vile vile. Baadaye hujifunza kucheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. Mwenzake mwenye meno meupe hupita mstarini bila kusemwa, ilhali gego lake la nyuma limekwisha kutoboka na usiku halali kwa maumivu.

Wanafunzi hao wawili wana maradhi mawili yaliyo mbalimbali kabisa kwa chanzo, kwa wakati na kwa kinga, na kwa hiyo hapana budi yaelezwe moja baada ya jingine.

Tuanze na jino lililotoboka. Tabaka la nje la jino huitwa enameli. Ni kitu kigumu kuliko vyote mwilini, kwa kuwa sehemu 96 hivi katika kila 100 za uzito wake ni madini ya kalsiamu na fosfati. Wazee wa sehemu nyingi husema kwamba jino lililotoboka limeliwa na mdudu, na imani hiyo imepatikana katika mataifa mengi ya dunia. Mwaka 1890 Mmarekani W. D. Miller, aliyefanya kazi Berlin, alichapisha maelezo mengine: bakteria waishio kinywani hula sukari na wanga uliobaki kwenye meno, nao hutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha madini ya jino. Yaani wazee hawakukosea sana. Wadudu wapo, ila ni wadogo wasioonekana kwa macho, na jino halitafunwi bali huyeyushwa.

Bakteria hao hukaa ndani ya ukoga, ule utando laini unaoganda juu ya meno, hasa karibu na ufizi na baina ya jino na jino. Mtu anapokunywa chai ya sukari, asidi ndani ya ukoga huongezeka katika dakika chache. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5 hivi, enameli huanza kupoteza madini. Kisha mate huja kuokoa: huipunguza nguvu asidi na kurudisha sehemu ya madini yaliyopotea. Kazi hiyo huchukua nusu saa au zaidi. Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalifahamu, kwamba idadi ya nyakati za kula sukari ina uzito kuliko hata wingi wa sukari yenyewe. Anayemaliza soda yake kwa mara moja huyapa meno shambulio moja. Anayeinywa kidogo kidogo asubuhi nzima, au kufyonza peremende na ubuyu wa sukari tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho, hayapi mate nafasi ya kufanya kazi yao.

Mwalimu anayetaka wanafunzi waone kwa macho atumbukize mfupa mwembamba wa kuku, uliosafishwa nyama, katika siki kwa siku kadhaa. Mfupa una madini ya namna moja na yale ya jino. Ukitolewa utapindika kama mpira, kwa kuwa asidi imeyachukua madini na kuacha nyuzi tu.

Kinga dhidi ya kutoboka ni kuondoa ukoga kila siku, kupunguza nyakati za sukari, na kutumia dawa ya meno yenye floraidi. Kuhusu kuondoa ukoga, watu wa Jipe na nyanda za chini za Same wana bahati. Mti uitwao mswaki, ambao wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica, hustawi katika nchi kavu yenye ardhi ya chumvichumvi kama hiyo, na ndio uliotoa jina kwa kifaa cha plastiki kiuzwacho madukani. Kijiti kibichi kikitafunwa ncha mpaka nyuzi zikachanua, husafisha meno vizuri, mradi mtumiaji asiishie kwenye meno ya mbele yanayoonekana. Mwaka 1987 Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi ya vijiti vya namna hiyo mahali ambapo ni desturi. Upungufu wake ni kwamba nyuzi hukaa mwisho wa kijiti, kama brashi ya mpaka rangi, basi nyuma ya magego na upande wa ulimi panahitaji subira. Tena kijiti hakina floraidi ya kutosha kushika nafasi ya dawa ya meno.

Floraidi ikiwapo kwa kiasi kidogo kinywani huingia katika enameli iliyoanza kuyeyuka na kuifanya iwe ngumu zaidi kwa asidi. Mtu atauliza: kama ni hivyo, kwa nini floraidi hiyo hiyo ishtakiwe kwa meno ya kahawia?

Jibu limo katika wakati na kiasi. Enameli ya meno ya ukubwani hujengwa ndani ya taya tangu mtoto angali mchanga hadi afikapo miaka 8 hivi, mbali na magego ya mwisho. Miaka 3 ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi kwa meno ya mbele. Mtoto akinywa floraidi nyingi katika miaka hiyo, chembe zinazojenga enameli huvurugwa, na enameli hutoka na vinyweleo. Jino huota likiwa na mistari au mabaka meupe kama chokaa. Palipo na madhara makubwa huchimbika vishimo, kisha hunywa rangi na kuwa la kahawia. Chembe zile hufa jino linapoota, kwa hiyo enameli haiwezi kujengwa upya. Ndiyo sababu mkaa na mchanga haviondoi doa, na limau hudhuru zaidi, kwa kuwa ni asidi inayoyeyusha enameli iliyosalia. Kwa upande mwingine, mtu mzima ambaye meno yake yalikwisha kuota meupe hayatageuka kahawia kwa kuhamia penye maji hayo, ingawa mifupa yake yaweza kudhurika akinywa maji yenye floraidi nyingi sana kwa miaka mingi. Viungo na mgongo hukakamaa, na watoto hupinda miguu.

Chanzo cha doa hilo kilitafutwa kwa muda mrefu. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia. Alishuku maji bila kujua kilichomo. Mwaka 1923 aliitwa Oakley, Idaho, ambako watoto walianza kuota meno yenye madoa baada ya mji kuvuta maji ya bomba kutoka chemchemi ya moto. Aliwashauri waliache bomba lile. Wakaliacha, na baada ya miaka michache wadogo zao waliota meno safi. Floraidi yenyewe ilitambuliwa mwaka 1931 na mkemia H. V. Churchill. Habari ya Oakley inastahili kukumbukwa kuliko ile ya maabara, kwani wazazi walibadili maji kabla hawajajua jina la kinachowadhuru.

Katika Tanzania ya Kaskazini floraidi hutoka katika miamba na majivu ya volkeno. Maji yanayopita humo huwa na sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Lau kalsiamu ingekuwa nyingi, ingeshikana na floraidi na kutuama chini. Ikikosekana, floraidi hubaki imeyeyuka ndani ya maji. Katika miteremko ya Meru, sehemu za Maji ya Chai na jirani zake, vipo vijito na chemchemi vyenye zaidi ya miligramu 10 katika lita moja, wakati kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Serikali ya Tanzania iliruhusu kwa muda miligramu 8 katika viwango vya mwaka 1974. Uamuzi huo haukuwa wa kuyadharau meno: kufuata kiwango cha dunia kungefunga visima vingi bila kuwapo vingine. Kiwango hicho kimeshushwa tangu hapo, na kile cha mwaka 2018 ni 1.5.

Lakini maji si mshtakiwa wa pekee. Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliolinganisha Chanika, karibu na Dar es Salaam, na Rundugai na Kibosho, mkoani Kilimanjaro. Rundugai ina floraidi katika maji, na madoa yalitazamiwa. Kibosho, iliyo juu mlimani, maji yake hayana floraidi ya kutajika, na bado watoto walikuwa na meno yaliyoharibika vibaya. Watafiti waligeukia magadi na mwinuko wa nchi.

Magadi ni jambo linalowahusu Wapare moja kwa moja. Makande ya mahindi makavu na maharage huchukua saa nyingi jikoni, na kipande cha magadi hulainisha maharage upesi na kuokoa kuni, ambazo haziokotwi kwa urahisi. Kumkataza mama magadi bila kumpa njia nyingine ni kumwongezea safari za msituni. Ipo njia: kuloweka mahindi na maharage usiku kucha hupunguza muda wa kupika. Na ikiwa magadi hayana budi kutumika, chakula cha watoto wadogo kitengwe mapema. Floraidi ya magadi hutofautiana sana kutoka fungu hadi fungu, wala haionekani kwa jicho.

Kuchemsha maji, ambako ni kinga njema dhidi ya kipindupindu, hakusaidii hapa. Mvuke huondoka, floraidi hubaki, na maji huwa makali zaidi. Kituo cha Ngurdoto, wilayani Arumeru, kimetumia mkaa wa mifupa kuchuja floraidi. Njia ya Nalgonda, iliyobuniwa India, hutumia shabu na chokaa. Zote hufanya kazi, lakini zote hudai usimamizi wa kila siku na kubadilishwa kwa wakati.

Kwa tambarare kavu, mvua ndiyo daktari wa bei nafuu, kwa kuwa maji yake hayajagusa mwamba. Mwanafunzi na apige hesabu. Paa la bati la mita 30 za mraba, penye mvua ya milimita 500 kwa mwaka, hupokea lita 15,000. Zikipotea moja ya tano hubaki 12,000. Watoto watatu walio chini ya miaka 8, kila mmoja akitumia lita 3 kwa siku kwa kunywa na kupikiwa, huhitaji lita 9. Kiangazi cha miezi 5 kitadai lita 1,350. Tangi la lita 1,500 lingetosha, mradi maji hayo yasifulie nguo. Wakubwa waweza kuendelea na kisima.

Dawa ya meno yenye floraidi isiachwe hata katika nchi hizi, maana meno yenye vishimo hutoboka pia. Ila mtoto apewe kidogo, kama punje ya mchele akiwa chini ya miaka 3, kama punje ya choroko baada ya hapo, na afundishwe kutema.

Mwalimu mstarini aweza kutofautisha bila vyombo. Ukoga hukaa karibu na ufizi na hukwanguka kwa kijiti. Doa la floraidi hufanana kushoto na kulia, kwa kuwa meno ya pande mbili hujengwa wakati mmoja, nalo halikwanguki. Jino bovu huwa moja moja, lina tundu, hushika chakula, na huuma kwa maji baridi. Mwenye hilo apelekwe zahanati wiki hiyo hiyo. Doa la kahawia nalo laweza kufunikwa na daktari wa meno kwa kijazio cheupe, mwenye nalo akitaka. Na shule inayopeleka maji ya kisima chake kwenye maabara ya maji itumie chupa safi ya plastiki, iliyosuuzwa mara tatu kwa maji yale yale, wala isitumie ya kioo, kwa kuwa floraidi huathiriana na kioo na kipimo kikapotoka.